Gia iko P, ufunguo ninao mkononi, na gari bado limeondoka. Niripoti wapi?

Mama_Mapishi_Mwanza

Wakuu habari za jioni, na shikamooni mlionizidi umri. Naomba mnivumilie, ni ndefu, kwa sababu kila ninapoanza kuieleza watu wananikatiza palepale: "Ulisahau hendibreki."

Sikusahau.

Napika kwenye shughuli hapa Mwanza. Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi ya kipaimara Isamilo, nyumba iko juu huko, njia ya vumbi na mawe, wanaopajua wataelewa. Gari langu ni dogo, la oto, la Kijapani, liliingia nchini likiwa limeshatumika kwao na nina miaka minne nalo. Nilipanda kinyumenyume hadi getini ili buti lielekee nyumba, tushushe masufuria bila kuyabeba mbali. Pua ya gari ikabaki inatazama bondeni. Nikakanyaga breki, nikapeleka gia P, ile ya kuegesha, nikavuta hendibreki, nikazima, nikachomoa ufunguo na kuuvaa kidoleni kwa pete yake kama ninavyofanya siku zote.

Sufuria la wali tulishusha. La nyama, binti anayenisaidia alikuwa ameshika sikio moja na mimi la pili, ndipo nikaona buti linatuacha. Gari halikushtuka wala kulia. Lilianza taratibu sana, nikadhani ni mimi ninayerudi nyuma. Sufuria likatutoka mikononi. Likashika mwendo, buti wazi, miiko na bakuli zikidondoka njiani, likaenda kugonga jabali, haya majabali yetu, likakaa. Hatua 23. Nilizihesabu kesho yake asubuhi.

Dakika moja kabla ya hapo mtoto wa mwenye shughuli, ana miaka 6, alikuwa amechutama mbele ya bampa anachezea vizibo vya soda. Mama yake alimwita akavae viatu. Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona amechutama pale.

Sasa kuna jambo la taa ambalo hakuna anayetaka kulisikiliza. Niliingia nikatia ufunguo ili tulitoe pale. Gia ilikuwa P, nimeiangalia kwa macho yangu. Gari likakataa kuwaka kabisa, na kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma akaniambia, "Mama, mbona taa za rivasi zinawaka?" Nikashuka nikaziona. Nyeupe, zote mbili, na gia iko P. Binti akachukua video ya sekunde 40. Ninayo.

Jumatatu fundi alifungua boneti akanionyesha waya unaotoka kwenye gia kwenda giaboksi. Ncha yake imechomoka. Kwenye ncha ile kulikuwa na bushi ya plastiki. Imebaki vipande vya rangi ya kahawia, ukivibonyeza kwa kucha vinamumunyika kama soli ya ndala iliyochomwa na jua miaka mingi. Fundi akataka kuvitupa, afunge kwa waya wa kufungia nondo niondoke. Nikavichukua. Ninavyo kwenye kikopo cha iliki, na harufu ya iliki sasa inanitia kichefuchefu.

Nikiri na langu. Hendibreki ilikuwa dhaifu. Ilikuwa inapanda hadi juu kabisa ndipo inashika kidogo. Nilijua, nikawa naahirisha, kwa sababu P ilikuwa inashikilia siku zote. Lakini kituo cha polisi nilikopewa RB, ile namba ya taarifa, wameandika "dereva alisahau kuvuta breki ya mkono", mwenye shughuli anasema hivyohivyo, na shemeji yangu ameshaieleza ukoo mzima kwamba wanawake hatujui kuegesha. Bima yangu ni ndogo, radieta na bampa ninalipa mwenyewe, na hilo silalamikii.

Ninachotaka kujua: ufunguo ulitokaje kama gari halikuwa P kweli? Na kitu cha namna hii mtu anakiripoti wapi, ili mwenye gari kama langu ajue kabla mtoto hajachutama mbele yake?

Dereva_Nyegezi

Dada pole sana kwa yaliyokukuta. Niseme ukweli ninavyouona, usinichukie. Nina miaka 20 kwenye usukani. Gari la oto halikuachii ufunguo mpaka gia iwe P. Kama ulitoka, ilikuwa P. Na ikiwa P kuna kidole cha chuma ndani ya giaboksi kinachozuia magurudumu. Kwa hiyo ama kidole kimekatika, ama gia haikufika P. Hizo taa zinanichanganya, sijawahi kuona.

Fundi_Mabatini

Mama, pole, na Mungu ashukuriwe kwa yule mtoto. Kaka wa Nyegezi amesema kitu ambacho karibu kila dereva anakiamini, na ndicho kilichokuponza, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Kuna gia unayoishika wewe, iliyo ndani ya gari. Na kuna giaboksi, iliyo chini. Kwenye magari kama lako kinachoviunganisha ni waya tu, na mwisho wa waya kuna ile bushi inayokaa juu ya kipini. Ukisogeza gia, waya unavuta, kipini kinazunguka, giaboksi inabadilika. Bushi ikifa, wewe utasogeza gia P, R ya rivasi, N ya huru, D ya kwenda mbele utakavyo, chini hakuna kinachotokea.

Kufuli ya ufunguo inasikiliza gia ya ndani. Imeona P, imeridhika, inakuachia ufunguo. Haina habari na huko chini. Taa za rivasi ndizo zilizokuwa zinasema kweli, maana swichi yake imefungwa kwenye giaboksi yenyewe. Swichi hiyohiyo ndiyo inayoruhusu starta izunguke; ikiona R inakata, ndiyo maana halikuwaka. Video yako imeshika vitu viwili kwa mpigo, usiifute, itume na kwa mtu mwingine akae nayo.

Ulipanda kinyumenyume, gia ya mwisho giaboksi iliyoijua ni R. Ulipotoka R kwenda P ndipo bushi ilipoachia. Jaribu kukumbuka: gia haikuwa nyepesi kuliko kawaida?

Mtu anaweza kuuliza, kama lilikuwa R si lingekataa kwenda mbele? Hapana. Gari la klachi ukiliacha kwenye gia namba moja injini inalishikilia. La oto linashika kwa shinikizo la mafuta, na pampu ya mafuta inazungushwa na injini. Zima injini, shinikizo linakufa. R, D, N zote zinakuwa sawasawa, gari ni toroli. P peke yake ndiyo inayoshika injini ikiwa imezimwa, kwa kile kidole cha chuma alichokitaja kaka.

Kuhusu hendibreki ningekusema hata mimi, ila umeshajisema. Waya wake unavutika kadiri unavyotumika, na breki za nyuma zinakwisha, ukiona mkono unapanda hadi juu ujue haishiki. Kuirekebisha ni kazi ya nusu saa. Lakini hendibreki dhaifu na bushi iliyokufa ni mambo mawili. Taarifa iliyoandika moja imelificha la pili.

Mlimani fanya hivi: kanyaga breki, gia N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari likae juu ya hendibreki. Kama linasogea utaliona ungali ndani. Likitulia, kanyaga tena, gia P, zima. Magurudumu yakate kuelekea ukuta au jiwe. Na usikubali waya wa nondo. Bushi mpya ipo madukani, na pale isipopatikana peke yake unanunua waya mzima.

Utingo_Mstaafu

Nimefanya kazi ya utingo miaka mingi, na kwenye vivuko vya ziwa letu nimevuka hadi nimechoka kuhesabu. Kazi yangu ya kwanza gari likisimama ilikuwa kuruka chini na kigingi kabla dereva hajazima. Kigingi cha mti mgumu kimekatwa mshazari, kina mpini, kinaingia chini ya tairi upande wa mteremko. Dereva wangu alikuwa hanyanyui mguu kwenye breki mpaka nigonge bodi mara mbili.

Tarehe 29 Septemba 2019 kule Likoni, Mombasa, gari dogo lilirudi nyuma kwenye kivuko likatumbukia baharini, mama na binti yake mdogo wakafia humo. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilichonga vigingi vinne wiki ile nikawagawia wanangu.

Mama, wewe unayepanda Isamilo na masufuria ya moto, weka kigingi ndani ya buti. Kiwe cha kwanza kushuka.

Mbongo_Columbus

Dada, niko Ohio, nafanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari. Nimesoma habari ya bushi yako nikasimama, kwa sababu kitu hichohicho kiliwahi kurudisha magari gereji kwa mamilioni huku.

Mwaka 2022 kampuni ya Ford iliyaita kwa matengenezo magari karibu milioni 2.9 hapa Marekani kwa bushi ya waya wa gia, na kabla ya hapo yalikuwepo makundi mengine kwa tatizo lilelile kuanzia 2018. Plastiki inaharibika kwa joto na unyevu, inaachia waya, dereva anaweka P, anachomoa ufunguo, anashuka, na giaboksi haiko P. Dawa yake ilikuwa bushi mpya na kifuniko cha kuikinga. Gari lako si hilo na sisemi bushi zimetoka kiwanda kimoja. Nasema tu kwamba ulichokieleza si ndoto, wahandisi wa huku wamekiandika hivyohivyo. Na joto na unyevu Mwanza vipo.

Kuna na lile la Jeep Grand Cherokee. Gia yake ilikuwa ukiisogeza inarudi katikati yenyewe, kwa hiyo mkono haujui uko P au N, unategemea taa ya kuonyesha gia. Serikali ilianza kulichunguza mwaka 2015 kutokana na malalamiko ya wenye magari. Aprili 2016 kampuni ikayaita magari zaidi ya milioni 1.1, ya aina tatu, ikiwa na habari za watu 41 walioumia. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, miaka 27, alikutwa amebanwa na gari lake la aina hiyo kwenye nguzo ya matofali na uzio nyumbani kwake Los Angeles. Gari lake lilikuwa kwenye orodha. Lilikuwa bado halijatengenezwa.

Kuripoti kwa huku ni hivi: mwenye gari yeyote anajaza fomu ya mamlaka ya usalama barabarani, inaitwa NHTSA, kwa mtandao au kwa simu, bure, hata kama hakuna aliyeumia. Taarifa moja haianzishi uchunguzi. Zikifanana ishirini, hamsini, mtu wa ofisini anainua kichwa. Kampuni ikibanwa, matengenezo ni bure kwa mwenye gari. Si kwamba daima wanashinda. Mwaka 1980 Ford waliwahi kukubaliana na serikali kuhusu magari yaliyokuwa yakitoka P na kuingia rivasi yenyewe. Wenye magari kama milioni 23 wakatumiwa stika ya onyo ya kubandika ndani. Stika. Mama yangu angekuwa mmoja wao ningeumia sana.

Ukiandika yako, andika ulichokiona tu: tarehe, kilomita zilizosomeka, gia ilipokuwa, mteremko ulielekea wapi, taa, starta, kipande ulichokikuta. Uliyoyahitimisha acha. Umeshafanya kazi kubwa kuliko wengi kwa kukataa kutupa vile vipande.

Wakala_Bandarini

Nimetoa magari bandarini Dar miaka 11, mengi ya Japani. Nina mambo mawili kwa mama.

La kwanza, magari ya soko la Japani hayana ile namba ya kulitambulisha gari, ya herufi na tarakimu 17, ambayo kaka wa Columbus ameizoea. Yana namba ya chasisi yenye msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu. Iko kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Watengenezaji wa Japani wana ukurasa kwenye tovuti zao za kule ambapo unaingiza namba hiyo, unaambiwa gari hili liliwahi kuitwa kwa matengenezo gani na kama yalifanyika. Ni Kijapani kitupu lakini simu inatafsiri. Barua za kuita magari zinakwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Gari likishafutwa usajili na kupakiwa melini, barua hazilifuati. Naliona hili kila wiki na wateja wangu hawajui. Nami kwa miaka mingi sikuwa nawaambia, nikidhani si kazi yangu.

La pili, kuripoti. Hapa kwetu peleka barua kwa Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inawapa kazi ya kumlinda mlaji na ina sehemu inayohusu usalama wa bidhaa. Nakala kwa TBS, shirika la viwango. Nakala kwa mwakilishi wa mtengenezaji hapa nchini, hata kama gari hukununua kwake. Usiombe fidia, omba taarifa ifike kiwandani. Na Japani kwenyewe, wizara yao ya uchukuzi inapokea taarifa za kasoro kutoka kwa wenye magari.

Na usikubali kirahisi neno "uzembe wa dereva". Januari 2002 kule Yokohama gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi likamuua mama wa miaka 29 akitembea na wanawe wawili. Kampuni ilisema ni matunzo mabovu ya wenye malori. Miaka miwili baadaye, 2004, ikakiri kitovu cha gurudumu kilikuwa na kasoro. Kampuni hiyohiyo mwaka 2000 ilikuwa imekiri kuficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Wakaguzi wa serikali walikwenda baada ya mtu asiyejitaja jina kutoa taarifa, na mafaili mengine yalikuwa yamefichwa kwenye makabati ya kubadilishia nguo. Huyo asiyejitaja jina namfikiria mara nyingi.

Dereva_Nyegezi

Dada, naomba radhi. Nimetoka nje na mke wangu baada ya kusoma maelezo ya fundi. Nimetoa mfuniko wa gia yangu nikaona jinsi kufuli ilivyo. Ni kama alivyosema. Miaka 20 sikujua.

Mama_Mapishi_Mwanza

Wakuu, nimerudi, wiki mbili zimepita. Asanteni sana, na kaka wa Nyegezi nimekusamehe siku ileile.

Fundi, umeuliza kama gia ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kama kijiko kwenye uji. Mkono wangu ulijua, kichwa kikawa kinafikiria wali. Na nimekumbuka jingine: kama mwezi mzima kabla, asubuhi gari lilikuwa linakataa kuwaka mpaka nitikise gia kidogo. Nilikuwa natikisa na kuondoka. Kama lako linafanya hivyo, usitikise na kuondoka.

Kituoni nilirudi na video na kikopo changu. Askari aliyekuwepo, kijana mdogo, aliitazama video mara tatu, akaniita "mama" kwa mara ya kwanza, akaniandikia maelezo ya nyongeza kwenye faili: giaboksi haikuwa P, bushi ilikutwa imevunjika, hendibreki ilikuwa dhaifu. Yote matatu. Nilisoma kabla ya kusaini.

Namba ya chasisi niliiingiza kule Japani, mwanangu wa kidato cha tatu akinisaidia kutafsiri. Kuhusu waya wa gia hakuna kitu. Lakini ukurasa uliniletea jambo ambalo sikulitafuta: gari hili liliitwa kwa kipulizo cha mfuko wa hewa (airbag) wa upande wa abiria, na imeandikwa halijafanyiwa. Nimekaa na gari miaka minne, nikimweka binti yule kiti kile kila shughuli. Sasa anakaa nyuma, na nimeshaandika kwa mwakilishi Dar kuhusu hilo pia. Wakala, wateja wako waambie wote.

Barua tatu zimekwenda na video kwenye flashi. Vipande nimepeleka picha tu, vyenyewe nimebaki navyo. Zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa.

Bushi mpya imefungwa, hendibreki inashika kwenye mlio wa sita. Kigingi nimechongewa na fundi seremala wa hapa mtaani kwa mti wa mkangazi uliobaki kwenye kazi yake, akakataa hela.

Naomba moja. Mwenye gari la oto aliyeko hapa, leo jioni simamisha mahali tambarare, hendibreki juu, mtu akae nyuma ya gari upande, asisimame katikati. Washa umeme bila kuwasha injini, kanyaga breki, toa gia P peleka R, rudisha P. Taa nyeupe ziwake kwenye R na zizime kwenye P. Zisipozima, au zikichelewa, usilipandishe mlima, na niandikieni hapa aina na mwaka wa gari, nakusanya kwa ajili ya barua ya pili. Mtaani kwetu tumeshapima saba. Sita yako sawa. La saba ni la mwalimu jirani, taa ziligoma kuzima mpaka alipoitikisa gia. Amelilaza kwangu uani, mawe mbele na nyuma, fundi anakuja kesho asubuhi.